Shangazi Indumati na Miguu ya Narmada

Kila jioni, kabla hajasema neno lolote la mchezo, shangazi yangu Indumati Khare alipiga magoti kwenye kona ya ngazi za ukumbi akasugua mate ya watu. Mate mekundu ya tambuu, yaliyochanganyika na chokaa na popoo iliyotafunwa. Mengine mabichi, yanateleza ukutani. Mengine yamekauka kama damu ya jana. Alikuwa na kopo lake la maji, kipande cha gunia na majivu ya kusugulia masufuria. Alijifunga pua kwa ncha ya sari, akasugua mpaka rangi ya ukuta ionekane, kisha akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Ndipo aliposema, "Haya. Tuanze."

Watu wa kundi walimpita pale wakiruka kopo. Mzee Dubey, karani wa reli ambaye ndiye mwigizaji mkongwe kuliko wote, hakukosa la kusema.

"Didi, mwachie mfagizi bwana. Ndiyo kazi yake."

"Kwani mfagizi ndiye aliyetema?" shangazi alimuuliza bila kugeuka. "Maana mimi nimewaona wanaotema. Wote wana viatu vya ngozi."

Mzee Dubey alicheka, na meno yake yalikuwa mekundu.

Kundi zima lilimwita Didi, dada mkubwa, hata Dubey aliyemzidi umri, kwa sababu dada mkubwa akikugombeza huoni aibu sana. Mwongozaji mwanamke walikuwa hawajapata kumwona, na hawakuwa na jina jingine la kumwita.

Mimi nilikuwa naenda naye kwa sababu nyumbani walinituma. Kwetu Jabalpur mwanamke asiye na mume hatoki jioni peke yake kwenda kukaa na waigizaji, hata awe na miaka arobaini na sita. Lazima afuatane na mtu wa nyumbani. Shule niliiacha darasa la sita, homa iliponiingia moyoni na daktari akasema nisipande ngazi ndefu. Bibi akasema, "Huyu hana kazi. Aende naye, awe macho yetu." Ngazi za ukumbi ni ndefu kuliko za shule, lakini hilo hakuna aliyelifikiria.

Basi nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikawa macho. Niliona mengi, na mengi yalikuwa machafu.

Shangazi mwenyewe alinisimulia jinsi ilivyoanza. Alikuwa na miaka tisa, kundi la michezo la kusafiri limepiga hema kwenye gulio la ng'ombe, na baba yake hakutaka wasichana waende. Alipanda juu ya paa akatazama kwa mbali. Malkia alikuwa mwanamume mwenye ndevu zilizonyolewa vibaya. Watu wote walimtazama malkia. Yeye alimtazama mpiga ngoma, kwa sababu aligundua kuwa yule akiinua mkono, wote wanasimama, na akiushusha, wote wanakwenda. "Nikasema, mimi nataka mkono ule."

Akaja kuupata. Alisomea Delhi kazi ya kuongoza michezo, baba yake akilipa huku analia kama mtu aliyefiwa. Walimu walimwambia abaki. Alirudi. Aliolewa na mhadhiri wa lugha ya Kihindi, mtu aliyekuwa akisafisha koo kabla ya kusifiwa, aliyezoea kuja mazoezini na kusahihisha matamshi ya waigizaji mbele ya mkewe. Mwaka wa tatu akamwambia, "Chagua. Mimi au hawa wachekeshaji wako." Shangazi akauliza kama riksho bado ziko barabarani saa ile. Zilikuwepo. Akarudi kwetu na sanduku lake, na bibi hakumsemesha mpaka mvua zilipokatika.

Miaka ishirini akaongoza michezo kwenye viwanja vya shule, kwenye mahema ya harusi ya jana yenye makombo bado, na mara moja ndani ya kinu cha mchele ambako funza walikuwa wakidondoka toka darini juu ya nywele za wachezaji. Kila mahali ni desturi ileile. Mchezo hauanzi mpaka mgeni rasmi afike, na mgeni rasmi hafiki mpaka watu wachoke. Akifika, anawasha taa ya shaba, anavishwa koja la maua, anahutubia. Halafu mwongozaji anaitwa, anavishwa shali na kupewa nazi. Halafu mgeni anaondoka na nusu ya watu wanamfuata, kwa sababu walimjia yeye. Shangazi alikuwa na sanduku zima la shali hizo. Zote zinanuka dawa ya nondo. Moja alipewa mara mbili na chama kilekile, na doa la haldi, manjano ya mchuzi, liko palepale. Alikuwa akizifungia vyungu na panga za mbao za maigizo.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: jukwaa lisiloondolewa. Mahali ambapo ukichora mstari wa chaki leo, kesho unaukuta. Ukumbi wetu ulikuwa mali ya wakfu wa tajiri mmoja, Seth Chhakkilal, juu ya ghala lake la ngano. Harusi ikipatikana, tunatolewa. Mpishi akitaka kukaangia mikate ya puri jukwaani, tunatolewa, na tukirudi mbao zinateleza mafuta.

Mwaka ule Seth alimwita. Alitaka mchezo wa Mama Narmada, mungu wa mto wetu, uonyeshwe siku ya kuzaliwa kwa mto huo, wageni wa serikali waje toka mji mkuu wa jimbo, Bhopal. Ukipendeza, alisema, ukumbi utakuwa wa kundi kila jioni, harusi zitafute pengine. Shangazi alirudi nyumbani anatembea haraka mpaka nikashindwa kumfuata.

Hadithi yenyewe kila mtoto wa kwetu anaijua. Narmada, binti wa mlima, aliposwa na mto Sonbhadra, tunayemwita Son, hawajaonana. Akamvisha kijakazi wake Johila nguo zake na vito vyake, akamtuma akamtazame bwana harusi. Son akaona nguo, akaona vito, akamshika mkono kijakazi akidhani ndiye. Narmada alipofika akawakuta. Hakupigana. Aligeuka akaondoka, na ndiyo maana mpaka leo mito mingine inakwenda mashariki, yeye anakwenda magharibi, peke yake, hajaolewa.

Kwa Narmada shangazi alimchukua Gomti. Gomti anafagia soko la mboga alfajiri. Shangazi alimkuta anagombana na muuza koliflawa aliyemrushia chenji chini ili asiguse mkono wake. Sauti haikupanda. Ilikaa palepale, ikakata, soko zima likanyamaza. Shangazi akamfuata.

"Dada, njoo ukumbini jioni."

"Nije nifagie wapi?"

"Uje ugombe."

Gomti akamtazama juu na chini. "Ya kugomba ni bure, mama. Ya kufagia ndiyo yenye mshahara." Lakini alikuja.

Hajui kusoma. Alikuja nyumbani kwetu mchana, nikawa namsomea maneno, naye anayashika kwa kusikia mara mbili. Siku ya kwanza aliomba maji. Bibi akatoka na kopo, akasimama juu ya kizingiti, akamwambia kinga viganja, akamimina toka juu, mbali, kama anayemwagilia mti. Yakamrukia usoni. Bibi hakuwa na ubaya, ndivyo alivyofundishwa, kwamba kopo likiguswa na mfagizi limenajisika, na hiyo ndiyo inanichefua zaidi. Shangazi alitoka chumbani akaona. Akachuchumaa kando ya Gomti, akakinga viganja.

"Nami pia, mama."

"We Indu, una wazimu?"

"Nina kiu."

Tangu siku hiyo hakugusa tena bilauri nyumbani kwetu. Maji aliyanywa kwa viganja, sari imelowa kifuani, na bibi alikuwa akigeuza uso.

Kwenye mazoezi palikuwa na sentensi moja iliyowasumbua. Narmada anamkuta Son na kijakazi, anasema, "Uliinamia nguo. Mimi sikuwamo." Gomti kila mara aliisema kwa machozi.

"Usilie," shangazi alimwambia. "Nani kakwambia ulie?"

"Nimeachwa, Didi. Mtu akiachwa halii?"

"Hujaachwa. Angekuacha kwa kukujua, ungelia. Huyu hakukujua hata siku moja. Umefungua chungu umekuta panya amekufa ndani. Unalia?"

"Natapika."

"Basi, hapo hapo. Kabla tu ya kutapika."

Gomti alicheka, lakini sentensi haikuja. Shubhra, binti wa wakili, ndiye aliyekuwa kijakazi Johila. Msichana mzuri, mweupe, anayejipaka mafuta ya waridi mpaka kichwa kinauma. Alikuwa anaogopa kumgusa Gomti kwenye onyesho la kuvishana vito, akidai vito vinamwasha.

Seth alikuja kutazama siku moja, na mtu wake nyuma amebeba kitemeo cha shaba. Alikaa mbele, tumbo juu ya magoti, pete zimezama kwenye vidole kama waya kwenye mti. Alipomsikia Gomti, aliacha kutafuna.

"Sauti gani hii! Binti wa nani?"

"Wa kundi langu," shangazi akasema.

"Ukoo wake, nauliza."

"Anaitwa Gomti Basor."

Jina lenyewe latosha. Basor ni watu wa fagio na ndoo za choo. Seth akamgeukia Mzee Dubey, Dubey akatazama dari.

Hapa pana jambo ambalo shangazi alilijua vizuri, naye Seth alilijua. Kwetu anayevaa taji la mungu jukwaani si mtu tena mpaka alivue. Kabla mchezo haujaanza huzungushiwa taa ya samli, na wakubwa waliopo hupanda mmoja mmoja kumgusa miguu, hata awe mtoto wa muuza mafuta ya taa. Seth angepaswa kuinama mbele ya Gomti, na wageni wa Bhopal nyuma yake.

"Tusizunguke, Seth," shangazi akasema. "Gomti akiguswa miguu, mchezo upo. Asipoguswa, mchezo haupo."

Nilidhani atakasirika. Akatabasamu. "Ebo! Mbele ya Mama Narmada si sote watoto tu, Didi?" Akainama kwenye kitemeo, akatema, na uzi mwekundu ukabaki ukining'inia mdomoni mpaka mtu wake alipoufuta kwa kitambaa. Niliiona ile furaha ya upesi, sikuiamini. Shangazi hakuiona. Alikuwa anatazama jukwaa, anapima kwa macho pa kuchora chaki.

Siku ya Mama Narmada ukumbi ulijaa. Maua ya manjano kila nguzo, na chini yake harufu ya choo, maana chumba cha kuvalia kimepakana nacho. Mzee Dubey alimpokea shangazi mlangoni kwa heshima nyingi mno.

"Didi, leo kaa mbele na wageni. Utavishwa shali. Huku nyuma niachie mimi, miaka ishirini hii sijui kazi?"

Akakaa mbele. Mimi nilikuwa nyuma, naweka sawa njuga za Gomti. Gomti alikuwa tayari, amevaa sari ya kijani ya mto, bado taji tu. Mlinzi wa ukumbi alichungulia akamwita kama kawaida yake:

"Gomti we, ukiwa unangoja hebu pitisha maji chooni. Wakubwa wanakuja, panatisha."

"Leo mimi ni mungu," Gomti akasema. "Njoo kesho."

Tukacheka. Bado tunacheka, Mzee Dubey akaingia na Shubhra. Shubhra alikuwa amevaa sari ya kijani. Pacha wa ile ya Gomti, mshono uleule. Dubey akalichukua taji mezani, akamvika.

"Mzee, umekosea mtu," nikasema.

"Nyamaza wewe, mtoto." Akamgeukia Gomti, sauti laini kama samli. "Dada yangu, ni dakika tano tu. Taa izungushwe, miguu iguswe, taa zizimwe. Ukiwaka mwanga umesimama wewe. Mchezo wote ni wako. Nani atajua?"

"Didi anajua?" Gomti akauliza.

"Didi ana ukumbi wake sasa. Unataka aukose kwa sababu ya miguu yako?"

Gomti alitazama miguu yake. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu kingoni, mama yake ndiye aliyempaka asubuhi, kwa uangalifu mkubwa, kama ya bibi harusi. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, kando ya mlango wa choo, akangoja.

Nikachungulia kwenye pazia. Shubhra amesimama katikati ya maua. Seth alipanda, akazungusha taa, akainama kwa kuguna, akagusa vidole vyake vya mguu na kujigusa kichwa. Nyuma yake wageni wa Bhopal. Kijakazi amevaa nguo za bimkubwa wake, na wakubwa wanamwinamia. Wote wamekua na hadithi hii toka matumboni mwa mama zao, na hakuna aliyeiona.

Shangazi aliiona. Alikuwa amemfundisha Gomti kusimama uzito ukiwa mguu wa kushoto, kama mtu aliyekwisha kuanza kuondoka. Shubhra alisimama kama mwanafunzi anayesubiri cheti. Nilimwona shangazi anatazama miguu ile, shali mpya mabegani, nazi mapajani. Akaiweka nazi chini, akaja nyuma.

"Bwana Dubey."

"Didi, sikiliza kwanza..."

"Nasikiliza."

"Ni uongo wa dakika tano. Ukumbi ni wetu maisha! Miaka ishirini unalilia ukumbi. Nilikufanyia wewe. Seth alikuwa tayari kufuta kila kitu." Alikuwa na jasho, na alikuwa anasema kweli, nadhani. Alikuwa anatafuna.

Shubhra akatoka jukwaani. "Mimi niliambiwa Didi anajua." Akalivua taji, akamnyooshea Gomti kwa ncha za vidole. Gomti akalipokea, akaligeuza, akapangusa ndani kwa ncha ya sari yake, polepole, pande zote.

"Una jasho jingi, dada," akamwambia.

Shangazi akachuchumaa mbele ya debe. "Tuvunje, Gomti? Sema wewe. Ukisema tuvunje, naenda kuwaambia sasa hivi."

Gomti akalivaa taji. "Hapana, Didi. Bado hawajasikia. Nenda ukakae."

Akaenda kukaa.

Taa zikazimwa, zikawaka, na mto ukaanza. Sijui kuusimulia mchezo wenyewe. Najua watu waliacha kukohoa. Najua kuku wa mlinzi alipita jukwaani na hakuna aliyecheka. Likaja onyesho la kijakazi. Shubhra na yule kijana aliyekuwa Son wameshikana mikono, na Gomti anaingia, anawakuta.

Hakuwatazama. Alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akasimama juu kabisa ya Seth, uzito mguu wa kushoto. Alimtazama kama unavyotazama chungu chenye panya.

"Uliinamia nguo," akasema. Sauti haikupanda. "Mimi sikuwamo."

Taya la Seth lilisimama. Mate ya tambuu yakamtoka pembeni, yakatiririka mpaka kwenye kanzu nyeupe, na mtu wake wa kitemeo akasahau kufuta. Mgeni mmoja wa Bhopal aliangalia viganja vyake. Nyuma kabisa, walikokaa wafagizi wa soko waliokuja kumtazama mwenzao, mwanamke mmoja aliguna tu, mm!

Kuondoka kwa Narmada shangazi alikupanga hivi: hatoki kwa pembeni kama waigizaji wote. Anashuka katikati ya watu, anapita mpaka mlango mkubwa, kwa sababu mto haujui pembeni. Halafu anazunguka kwa ngazi ya nyuma na kurudi kuinama na wenzake. Gomti akashuka. Njuga zilisikika mpaka mlangoni, watu wakikusanya miguu yao asiwaguse, au wasimguse, mimi sikuweza kujua.

Shangazi akasimama. Akamfuata, hatua zilezile, kama naye yumo mchezoni, na wengi walidhani yumo. Wakapiga makofi.

Nilikimbia kwa ngazi ya nyuma, moyo unanigonga, nikawakuta chini kwenye kona. Kona ilikuwa imetemwa upya, usiku ule wa wageni, mpaka kimo cha bega. Gomti alikuwa anavua njuga. Alishalitundika taji kwenye msumari wa mlinzi. Kopo la shangazi na gunia vilikuwa palepale alipoviacha jioni. Shangazi alivitazama. Hakupiga magoti.

Juu Mzee Dubey alikuwa anaita, "Didi! Didi, wanakungoja! Seth anataka kutangaza!"

Shangazi akavua shali, harufu ya dawa ya nondo ikatujaa puani, akaniwekea mikononi.

"Mpe Mzee Dubey," akasema. "Mwambie zamu ya kona hii sasa ni yake."

"Na nyumbani niseme nini, shangazi?"

Akafikiri. "Sema ulikuwa macho yao. Waambie ulichokiona."

Wakatoka wote wawili barabarani, Gomti peku, shangazi kando yake, si mbele wala nyuma. Kule juu bado walikuwa wanapiga makofi, wanangoja watu warudi jukwaani kuinama. Waliyapiga muda mrefu.